Karibu Tena, Dada

“Hoteli ile si ya watu kama sisi,” alisema mchumba wangu, mikono ameinyanyua kama mtu aliyekamatwa na askari.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, pini nimezibana mdomoni, nakunja pindo la suruali yake ya harusi. Sikuweza kumjibu. Na hata pini zisingekuwepo, sijui kama ningejibu. Mtaa mzima wananiita Kimya, na jina hilo sikupewa bure.

Aliyemjibu ni shangazi yangu, aliyenilea, ambaye cherehani yake inatazamana na yangu.

“Watu kama ninyi ndio watu gani, mkwe?”

“Watu wa kawaida, shangazi. Hoteli mpya ina mambo mengi. Rangi bado inanuka. Maji ya moto yanakuja yakijisikia. Na ile lifti, ukipanda hujui itakushusha wapi.”

“Kumbe umeipanda?”

“Watu wanasema.”

“Haya. Watu wana midomo.”

Mchumba wangu alikuwa anafanya kazi ofisi ya bima, ndiyo maana mtaani walimwita Bwana Bima. Alipoanza kuja kwetu, wateja walinitania kwamba mimi sasa hata nikivunjika moyo nitalipwa. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Nilimpenda. Alikuwa na viatu safi na maneno mengi, na mimi niliona mwenye maneno mengi atatutosha wote wawili.

Hoteli yenyewe ilikuwa juu ya mlima, ng'ambo ya mtaa wetu wa mafundi. Kiti changu kinatazama dirishani, kwa hiyo niliiona tangu ikiwa shimo. Niliona nguzo zikiota, nikaona ghorofa moja ikipanda juu ya mgongo wa nyingine, huku mimi nashona sare za shule na kubadilisha zipu za watu. Wakati ananiposa walikuwa wanaweka vioo. Nikasema moyoni, hii hoteli na mimi tutakamilika pamoja.

Kwa hiyo aliponiuliza nataka nini kwenye harusi, nilimwambia sitaki ukumbi, sitaki muziki, sitaki magari ya kupiga honi. Nataka fungate ya siku mbili katika hoteli ile, chumba chenye dirisha la upande wetu. Nilitaka nisimame pale juu, mume wangu kando yangu, nitazame chini niione meza ambayo imeniinamisha mgongo tangu nilipoacha shule. Basi. Nilikuwa sijawahi kumwomba kitu kingine, na hatujawahi kutoka pamoja kwenda mahali popote penye watu wake wa ofisini.

“Halafu, Kimya wangu,” aliendelea huku ananitazama kwa juu, “kule utaongea nini? Mhudumu akikuuliza unakunywa nini, utamwonyesha kwa kidole?”

Akacheka. Na mimi nikacheka, pini mdomoni.

Shangazi hakucheka. Alikanyaga cherehani yake, ikapiga kelele ndefu kuliko mshono aliokuwa nao.

“Tutaona lakini,” mchumba wangu akasema alipokuwa anavaa viatu. “Sijakataa. Tutaona. Ah, nilisahau. Wifi yako anakusalimia. Lile gauni, anasema tangu alivae majirani hawampi amani.”

“Amelipenda?” Nilishatema pini.

“Kupenda tu? Anasema limemkaa kama amezaliwa nalo.”

“Na ule mkono?”

“Hata hajaona. Nilikwambia.”

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Wifi, dada yake, anaishi mji mwingine na alikuwa amejifungua karibuni. Mchumba wangu ndiye aliyeniletea kitambaa na vipimo, akaniambia nimshonee kama zawadi, tujenge undugu kabla ya ndoa. Kilikuwa kitambaa cha buluu chenye ndege weupe wanaoruka. Nilikishona kwa mapenzi yote. Lakini nilipofika mkono wa kushoto kitambaa kikaniishia, nikalazimika kuukata kwa kugeuza, na ndege wa mkono ule wakatoka vichwa chini, kama wanaanguka. Sijawahi kufanya kosa la namna ile. Nilimwomba anitafutie kitambaa kingine kidogo niufumue. Akakataa, akasema wifi anasubiri. Shangazi naye alivisoma vile vipimo akaguna, “Huyu amejifungua juzi ana kiuno cha nyigu?” Nikamwambia shangazi kuna watu wamejaliwa.

Mchumba wangu alipoondoka siku ile, shangazi alisimamisha cherehani.

“Binti yangu, unaijua tutaona?”

“Ni nini?”

“Ni mdogo wake hapana. Wamenyonya ziwa moja.”

“Anasema hajakataa.”

“Wewe unakitaka kile chumba au hukitaki?”

“Nakitaka.”

“Simu unayo. Namba yao imeandikwa kwenye bango pale njia panda, kubwa kama mlango. Piga uulize. Kuuliza si ujinga.”

“Shangazi, mimi nitasema nini?”

“Utasema kama watu wanavyosema. Umekata suti za watu wazima bila kutetemeka, unaogopa simu?”

Niliogopa. Nilijifunza maneno kwanza, nikayasema peke yangu nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Kesho yake asubuhi nikapiga.

“Hoteli, habari za asubuhi.” Sauti ya dada, laini.

“Nzuri. Samahani. Nilikuwa naulizia chumba. Cha fungate. Siku mbili. Kama kuna dirisha la upande wa chini, wa mafundi.”

“Hongera sana, dada. Vipo. Wengi wanapenda upande wa bustani, lakini kama unataka wa mbele nakuwekea. Tuandike jina la nani?”

Nikataja jina la mchumba wangu, lote, pamoja na la babu yake. Niliona ndivyo inavyopaswa, bwana harusi ndiye mwenye chumba. Nikasikia vidole vikigonga mashine.

“Jina tunalo tayari,” yule dada akasema, na sauti yake ikachangamka. “Karibuni tena. Nawawekea nafasi, mtathibitisha Ijumaa.”

“Asante,” nikasema, nikakata.

Shangazi alikuwa ananitazama. “Umeona? Umekufa?”

“Sijafa.”

“Wamesemaje?”

“Wamesema karibuni tena.”

“Walisema hivyo ulipoaga?”

Nikafikiri. “Hapana. Nilipotaja jina.”

Shangazi alishusha miwani. Kila duka linakwambia karibu tena, lakini linakwambia ukiwa unatoka, kifurushi mkononi. Anayekwambia karibu tena ukiwa ndiyo kwanza unabisha hodi, huyo anakujua.

“Labda ni mazoea yao,” nikasema.

“Labda.”

“Hoteli ni mpya, wafanyakazi bado hawajazoea.”

“Labda, binti yangu. Lakini hiyo tena ni neno dogo lenye mlango wa nyuma.”

Mchana nikamwandikia mchumba wangu. Kwenye ujumbe mimi huwa jasiri kidogo.

“Umewahi kuingia ile hoteli?”

“Hoteli gani?”

“Ya mlimani.”

“Mimi? Hata geti lake sijui lina rangi gani. Kwa nini?”

“Nimewapigia simu.”

Hakuandika tena. Akapiga.

“Kimya, nani amekutuma?”

“Hakuna. Nilitaka kuulizia chumba tu.”

“Ulitaja jina langu?”

“Nilitaja.”

Nilisikia watu wa ofisini kwao wakicheka kwa mbali.

“Walisema nini?”

“Walisema karibuni tena.”

“Ah.” Akavuta pumzi, akacheka kidogo. “Hao wanasema hivyo kwa kila mtu, ni biashara. Halafu majina yanafanana. Wenye jina langu wamejaa mji huu kama utitiri. Sikiliza, mke wangu. Nitaghairi mwenyewe hilo jambo. Tukimaliza harusi twende kwa mama tukapumzike, kule kuna hewa safi, hakuna mambo ya lifti. Wewe usiwapigie tena. Umenisikia?”

“Nimesikia.”

Neno lile lile. Tena. Siku ile lilikuwa linanifuata kama inzi.

Alikuwa hajawahi kuniita mke wangu. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa hamu, lakini lilikuja katikati ya kunikataza kitu, nikashindwa kulipokea.

“Nenda kaone,” shangazi akaniambia. “Macho hayana pazia. Ukikuta hakuna kitu, utarudi na furaha yako na mimi nitakuomba radhi.”

Nilivaa gauni langu la rangi ya maziwa, nililojishonea mwenyewe. Nikapanda mlima kwa miguu. Getini mlinzi aliniangalia juu mpaka chini, akanielekeza kwa kirungu chake.

“Waombaji wa kazi wanapitia nyuma, dada.”

“Sijaja kuomba kazi. Nimekuja kutazama chumba.”

“Chumba?”

“Cha fungate.”

Akanifungulia huku anakuna shingo. Geti lilikuwa jeusi.

Dada wa mapokezi alikuwa na umri kama wangu, nywele amezibana nyuma, sare yake imebana mabegani. Nikamwambia mimi ndiye niliyepiga simu, nikataja jina la mwenye chumba. Akatabasamu, akachukua ufunguo, akanipandisha kwenye lifti. Lifti ilipanda taratibu kabisa na ikatushusha tulikokuwa tunakwenda.

Chumba kilikuwa na kitanda cheupe, pazia zito na harufu ya mbao mpya. Sikusikia harufu ya rangi. Nikaenda moja kwa moja dirishani. Nilitafuta kidogo, kisha nikakiona: bati letu lenye kutu pembeni, mlango wa buluu, na shangazi amesimama nje anakung'uta kitambaa, mdogo kama kidole. Sikujua kama nitalia. Nilifuta macho kwa kiganja, nikajifanya natazama mshono wa pazia.

“Umekipenda?” yule dada akauliza.

“Sana.”

“Wewe ni wa kwanza kusifia upande huu. Kuna dada mmoja alilala humu siku ya ufunguzi, asubuhi alifungua pazia akalifunga papo hapo. Akasema, mmetupa chumba kinachotazama vibanda.”

“Ni vibanda kweli,” nikasema. “Lakini vina watu.”

Tukacheka. Wakati ule, nawaapia, moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilijiambia ile tena haikuwa kitu, na mchumba wangu ni mwoga tu wa mambo makubwa kama mimi, ila yeye anauficha woga wake kwa maneno. Nilipanga hata nitakavyomshawishi. Ningemwambia, njoo uone tu dirisha.

Tulipokuwa tunashuka nikamwomba anipe maji. Akaenda kunichukulia, na mimi nikasimama pale ukumbini. Ukutani walikuwa wametundika picha kubwa za siku ya ufunguzi. Watu wamevaa, wamesimama wawili wawili kwenye zulia, glasi mkononi.

Nilianza kuwaona ndege kabla sijamwona mtu.

Ndege weupe juu ya buluu. Kifuani wanaruka kwenda juu, kiunoni wanaruka kwenda juu, mkono wa kulia wanaruka kwenda juu. Mkono wa kushoto wanaanguka.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Aliyelivaa nilikuwa simjui. Alikuwa mzuri, shingo ndefu, kiuno cha nyigu. Na juu ya kile kiuno, pale nilipoweka mishono midogo midogo ili kitambaa kikae vizuri, palikuwa na mkono wa mwanamume. Mkono niliujua. Nilikuwa nimeupima wiki ile ile, kutoka begani mpaka kwenye kifundo.

“Huyo ndiye mwenyewe,” yule dada akasema nyuma yangu, glasi ya maji mkononi. “Mwenye ile nafasi uliyoipigia simu. Kampuni yao ndiyo imetukatia bima, wakaalikwa siku ya ufunguzi kila mtu na mwenza wake. Na huyu ni mchumba wake, ndio wale waliolala chumba nilichokuonyesha. Nimefurahi anataka kurudi naye fungate, japokuwa amechagua upande ule ule.” Akanitazama vizuri. “Wewe nilidhani ni msaidizi wake wa ofisini. Kwani ni nani wake?”

Nimewahi kuulizwa maswali nikakosa jibu, mengi tu. Hilo sikulikosa.

“Mimi ni fundi wao,” nikasema. “Nimewashonea nguo.”

“Kumbe gauni hili ni lako? Ni zuri mno.”

“Lina kosa mkono wa kushoto.”

Akalitazama muda mrefu. “Mbona silioni?”

“Ndivyo nilivyoambiwa, kwamba halitaonekana.”

Nilikunywa yale maji yote kwa sababu sikujua nifanye nini na glasi. Nikaaga. Njiani, kwenye kona ya mlima, nikakaa juu ya jiwe nikampigia wifi. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kusikia mtu wa familia ile akinidanganya tena, nipate cha kushika.

“Wifi, hujambo? Mtoto hajambo?”

“Hatujambo, wifi yangu. Leo Kimya anapiga simu? Mvua itanyesha.”

“Nilitaka kujua, lile gauni limekukaa vizuri?”

“Gauni gani?”

“La buluu. La ndege.”

“Wifi, mimi tangu nijifungue naingia kwenye nguo za mume wangu. Gauni nitalitoa wapi?” Akacheka, kisha akaacha. “Alisema ni la kwangu?”

“Alisema.”

“Kimya?”

“Naam.”

“Samahani, mdogo wangu,” akasema polepole. Alikuwa mkubwa wangu na hakuwa amekosa kitu, na ndiye peke yake katika jambo lile lote aliyeniomba samahani.

Ijumaa mchana mchumba wangu alikuja kuchukua suti. Nilikuwa nimeimaliza. Shangazi alitaka niikate vipande niwape watu matambara ya kufutia baiskeli, nikakataa. Kazi ya mkono wangu siichani. Niliipiga pasi, nikaitundika.

“Bibi harusi,” akasema kwa furaha mlangoni. “Shangazi, shikamoo.”

“Marahaba,” shangazi akajibu bila kuinua kichwa.

“Leo kuna baridi humu ndani.”

“Vaa koti basi,” nikamwambia.

Akalivaa. Nikasimama nyuma yake, nikalivuta mabegani, nikalinyoosha mgongoni. Lilikuwa limemkaa. Alijitazama kwenye kioo upande huu na upande huu, akajipenda.

“Mikono inabana?”

“Hata kidogo.”

“Lile gauni la wifi, mkono wa kushoto, ndege wanatazama wapi?”

Niliuona uso wake kwenye kioo. Ulikuwa unatabasamu bado, lakini tabasamu lilikuwa limesahauliwa pale na mwenyewe alishaondoka.

“Ndege gani tena, Kimya?”

“Wameniwekea picha ukutani. Kubwa. Hata mkono wako umo.”

“Ulikwenda kule? Si nilikukataza?”

“Ulinikataza kupiga simu. Nilikwenda kwa miguu.”

Akavuta pumzi, akanigeukia, akashika mabega yangu. “Sikiliza. Ile ilikuwa kazi. Walisema kila mtu aje na mwenza. Yule ni mtu wa ofisini, anajua kuongea na wakubwa. Ilikuwa kama kuigiza tu.”

“Na mwenza wako ni nani?”

“Wewe. Ni wewe. Lakini fikiri, Kimya. Ungekaa pale na wakurugenzi, wakikuuliza umesoma wapi utawaambia nini? Ungeaibika. Mimi nilikuwa nakusitiri.”

Nilisikia cherehani ya shangazi ikisimama.

“Kusitiri ni kazi yangu mimi,” nikasema. “Mimi ndiye fundi. Siku ile yeye amesitirika kwa mkono wangu, na wewe sasa hivi umesitirika kwa mkono wangu. Aliyekuwa uchi ni mimi tu.”

“Punguza sauti, watu wanapita.”

“Leo ndiyo unajua nina sauti?”

“Kimya, tafadhali.”

“Chumba kilikuwa kimoja.”

“Nani amekwambia hivyo?”

“Nimekiona. Kitanda nacho kilikuwa kimoja. Alifungua pazia asubuhi akasema anaona vibanda. Ulikuwa umelala au ulikuwa macho?”

Akafungua kifungo cha koti, akakifunga.

“Nauliza, ulikuwa macho?”

“Nilikuwa macho.”

“Ulimjibu nini?”

Alitazama chini, kwenye viatu vyake safi. “Nilicheka,” akasema.

Hapo ndipo paliponiuma. Yule mwanamke angelala naye hata barabarani ningelia nikanyamaza. Lakini walisimama dirishani kwangu, wakatazama bati letu, na shangazi pengine alikuwa nje anafagia, na yeye anayeujua ule mlango wa buluu, anayekula humu ndani, alicheka.

“Uliposema hoteli ile si ya watu kama sisi,” nikamwambia, “nilidhani sisi ni mimi na wewe. Kumbe kwenye ile sisi nilikuwemo peke yangu.”

“Nitamwacha. Kesho namwacha. Watu wameshaalikwa, mama ameshajiandaa, tusiaibishane. Nitakupeleka kule kule, chumba kile kile unachotaka. Sawa? Nipe mkono wako.”

Akauchukua mkono wangu. Akaangalia kidole.

“Pete iko wapi?”

“Umeivaa.”

“Nini?”

“Iko mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Nimeushona mdomo kwa nyuzi mbili, isije ikakudondoka njiani.”

Akaingiza vidole, vikagoma. Akavuta. Uzi wangu haukatiki kwa kuvutwa. Akaanza kutoka jasho, mtu mzima anapapasa kifua chake mwenyewe kama anatafuta mdudu.

“Nipe mkasi.”

Nikamtazama shangazi. Mkasi ulikuwa mapajani mwake. Akaufunika kwa kiganja.

“Mkasi huu, mkwe,” akasema taratibu, “si wa watu kama ninyi.”

Aliondoka na lile koti mwilini, suruali ameibeba mkononi, na watu wa mtaa wakamwamkia Bwana Bima wakidhani anajaribu suti ya harusi. Sikulia alipokuwa anaondoka. Nililia baadaye kidogo, nilipoinama kuokota pini alizokanyaga.

Simu ikaita. Namba niliijua.

“Habari za mchana, dada. Ni mimi wa hoteli. Leo ni Ijumaa, ndiyo nilikuwa nataka kujua. Kile chumba tukiweke au tukiachie?”

Nikatazama dirishani. Jua la mchana lilikuwa limepiga vioo vyote, hoteli nzima inawaka. Shangazi alikuwa ananiashiria kwa mikono, kwamba sema ndiyo, twende mimi na wewe, tukalale tule. Nilifikiria. Nilifikiria kweli. Nikakiona kile kitanda cheupe, nikaliona lile pazia mkononi mwa mtu mwingine, nikajua nikisimama pale sitaiona meza yangu. Nitawaona wao wakiitazama.

“Kiachieni,” nikasema.

“Haya, dada. Pole kama kuna jambo.” Akasita kidogo, kisha mazoea ya kazi yakamshinda. “Asante sana, na karibu tena.”

Nikaweka simu mezani.

“Wamesemaje?” shangazi akauliza.

“Wamesema karibu tena.”

“Tena?” Shangazi akaanza kucheka, akaniona uso wangu, akaacha. Akasimama, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akaja upande wangu.

“Shika huko,” akasema, akiinamia cherehani yangu.

Nikashika. Yeye akashika huku. Cherehani ya chuma ni nzito, tuliivuta kidogo kidogo, ikachora sakafu, mpaka tukaigeuza yote ikatazama ukuta, dirisha likabaki mgongoni kwangu. Kisha nikakaa, nikachukua sare ya mtoto wa watu iliyokuwa inasubiri zipu, nikaanza kazi.